Ndevu, Vipara na Kocha wa Kutoka Kawangware

Nyinyi vinyozi vijana wa mashine za stima, mkinipita hapa nje mnaniambia "Niaje, buda," nami nawajibu "Poa" kwa sababu meno ya kujibu kwa urefu yamebaki machache. Sina ubaya na nyinyi. Lakini juzi niliingia kwa mmoja wenu pale Gatwekera nikamkuta ananyoa mtu huku macho yameganda kwenye televisheni, mpira unachezwa. Nikatoka na nywele zangu chache. Mpira na wembe nimeishi navyo miaka mingi ndani ya kibanda kimoja, na nimeona heri niwaambie kabla hamjamkata mtu sikio.

Mimi nilianza kunyoa hapa Kibera bendera ya uhuru ikiwa bado mpya, nikaacha mkono ulipoanza kutetemeka. Kibanda changu kilikuwa mabati, kiti kimoja, benchi moja, na kioo chenye ufa uliokupa pua mbili ukikaa vibaya. Kazi nilifundishwa na Mzee Ramadhani, Mnubi, ambaye babake alikuja huku na jeshi la wakoloni kutoka Sudan. Mzee Ramadhani alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, mashine ya mkono usiiinue kabla hujaifunga, la sivyo utang'oa badala ya kunyoa, na mteja atakutukania mama. Ya pili, kichwa kikishakaa kwenye kiti hakina kabila wala timu. Ile ya kwanza niliishika haraka. Ile ya pili ilinisumbua sana.

Mashine ya mkono, kwa nyinyi ambao hamjaiona, ilikuwa na meno mbele na mikono miwili nyuma kama ya koleo. Unaminya, unaachia, unaminya, huku unaisukuma taratibu. Ukisimama, nayo inasimama na nywele mdomoni. Sasa nisikilizeni. Nilikuwa nikimnyoa Saidi, muuza nyama, bwana mnene mwenye nywele nzuri alizozipenda kuliko duka lake. Redio ya jirani ilikuwa imewashwa kwa sauti, timu ya taifa inacheza. Nikajiambia sisikilizi. Mara goli! Niliruka mimi, ikaruka na mashine, na tuliposhuka Saidi alikuwa na barabara nyeupe kutoka kwenye paji mpaka utosini.

Mzee Ramadhani akaja akaangalia. Hakunigombeza. Akasema tu, "Haya, malizia." Nikamnyoa Saidi kipara chote huku amefumba macho kama mtoto anayedungwa sindano. Lakini Mungu ni mkubwa. Kesho yake Mabati Rovers, timu yetu ya huku Gatwekera ambayo ilikuwa imesahau kabisa kushinda, ikashinda mabao manne. Saidi alirudi mbio kwenye kibanda changu anapapasa kichwa. "Kinyozi, unaona? Ni hiki kipara!" Tangu siku hiyo akawa ananyoa upara kila Rovers wakikaribia kucheza, na hakuna aliyeweza kumtoa kwenye imani hiyo, hata tulipofungwa.

Hao ndio mashabiki. Katika maisha yangu yote sijawahi kumnyoa mtu asiyejua kufundisha mpira. Nimenyoa watu wasiojua kuendesha nyumba zao, wasiojua watoto wao wako darasa gani, lakini ukiwavisha kitambaa shingoni tu, wanakupangia timu kuanzia golikipa. Ndiyo maana nawaambia, ukifika kwenye koo na wembe, mwache mteja amalize kwanza hoja yake. Mtu akitamka jina la mshambuliaji asiyempenda, koromeo lake linaruka juu lenyewe.

Basi kocha wetu wa zamani akafukuzwa. Alifukuzwa kwa kosa la kufungwa, ambalo kwa kweli walilifanya wachezaji. Kamati ikakaa, ikatuletea kocha mpya anayeitwa Wekesa. Hapo ndipo moto ulipowaka, kwa sababu Wekesa alitoka Kawangware, kule mtaa wa Kongo. Na timu ya Kongo ndiyo tuliyokuwa tukiichukia kwa moyo wote, kwa ukarimu kabisa, bila kubagua mchezaji hata mmoja.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema Saidi.

"Apone nini?" akauliza Otieno. "Huyu ametumwa na Kongo kutumaliza."

Otieno alikuwa seremala, mrefu, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya reli. Alikuwa akienda kila siku kutengeneza milango Kawangware, kwa hiyo alijiona mtaalamu wa tabia za watu wa kule. Chakula cha watoto wake kilitoka Kawangware, lakini kocha kutoka Kawangware, la hasha!

Wekesa mwenyewe alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye ndevu ngumu kama brashi ya viatu. Kosa lake la kwanza lilikuwa lango la uwanja. Lazima niwaeleze hili vizuri, maana siku hizi mnaingia uwanjani kama watu wanaoingia sokoni. Mabati Rovers haikuwa imewahi kuingia uwanjani kwa lango. Lango hutegwa. Wapinzani wanafukia vitu vyao vya uchawi pale, na ukivikanyaga miguu inakuwa mizito. Kila mtu alilijua hilo, hata mwalimu wa Sunday school. Kwa hiyo wachezaji wetu waliruka seng'enge kwa nyuma, golikipa akitangulia, na mara nyingi tulianza mechi na kaptura moja imechanika matakoni.

Wekesa akauliza, "Hili lango liliwekwa la nini?" Akawapanga wachezaji mstari mmoja, akaingia nao langoni kama watu waliolipa. Tukatoka sare, bila bao.

"Mnaona?" Otieno akasema kwenye kibanda changu. "Ni lango."

"Lango lingekuwa limetegwa si tungefungwa?" Saidi akamjibu. "Na leo hakuna aliyeonyesha watu matako."

Tukatoka sare tena. Wekesa akamtoa winga wetu kipenzi, akamrudisha nyuma awe beki. Akawakimbiza vijana kando ya bwawa bila mpira. Wengine wakasema huo ndio ujuzi wenyewe, wengine wakauliza kama ni timu ya mpira au ya kutafuta ng'ombe waliopotea. Kulikuwa na watu waliompenda Jumatatu na kumchukia Jumatano, wala hakuwa amefanya lolote Jumanne.

Mwisho Otieno akasimama mbele ya kioo changu akaapa. "Wembe hautagusa uso wangu mpaka huyu mtu arudi kwao!" Wenzake wakaapa pamoja naye. Saidi naye, kwa kuwa hakupenda kupitwa na jambo, akaapa kwamba yeye na watu wake watanyoa upara kila wiki mpaka Rovers wachukue kombe na Otieno aombe radhi. Ndipo mtaa ukagawanyika. Ukikutana na mtu njiani huna haja ya kumuuliza msimamo wake kuhusu kocha, unamtazama kichwa na kidevu tu. Tukawaita Ndevu na Vipara.

Mtaniuliza mimi nilikuwa upande gani. Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema, na kwangu ilikuwa kweli. Utosi wangu ulishaanza kung'aa wenyewe, na kidevu changu nilikisahau siku nyingi. Vipara waliniona wao, Ndevu waliniona wao. Nikanyamaza nikaendelea na kazi. Moyoni nilimchukia Wekesa kwa ajili ya winga, nikampenda kwa ajili ya kaptura.

Lakini ile sheria ya pili ya Mzee Ramadhani ilinikamata siku Wekesa alipokuja kunyolewa. Ndevu walikuwa wamenionya, "Ukimgusa huyo, usituguse sisi." Nilitaka kucheka, kwa sababu walishaapa nisiwaguse. Nikamkalisha kwenye kiti. Alikaa kimya bila kutikisika, na kichwa chake hakikuniambia lolote kuhusu mpira. Sikuwa nimezoea. Mwishowe ni mimi niliyemchokoza.

"Kocha, unaonaje mambo?"

"Yameharibika, Kinyozi," akasema. "Jumapili tunacheza na Kongo. Jioni yake ni mkutano wa kunijadili. Wakinifukuza hapa, sina pa kwenda. Kongo wananiita msaliti. Mama akienda kuchota maji, majirani wanampa mgongo. Hapa nachukiwa kwa kutoka kule, na kule nachukiwa kwa kuja hapa."

Mimi ndiye niliyejua kuliko mtu yeyote mtaani kwamba Ndevu walikuwa wengi kuliko Vipara, maana hao wachache wote walipita mkononi mwangu. Nilimpaka spiriti, akashtuka kidogo, akaenda zake. Nilimhurumia sana. Unajua mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Lakini huyu alikuwa ameshaloa maji tangu alipofika.

Sasa Jumamosi ya kuamkia mechi, Saidi akapata wazo. Mawazo ya Saidi yalikuja makubwa, kama vipande vyake vya mfupa. Akasema Vipara waende Kongo wakamsalimie mama yake kocha, wapate baraka zake, wampelekee sukari na unga. Asubuhi nikawanyoa wote, vichwa vikang'aa kama sufuria za harusi. Wakashika njia kwa miguu hadi Kawangware. Na kwa kuwa walikuwa wanaingia kwa adui, walitembea kimya, mmoja nyuma ya mwingine, hakuna aliyecheka, sukari na unga vichwani.

Hebu nyinyi wa mashine za stima niambieni. Kwetu magharibi, ambako wengi wa Kawangware na wengi wa Gatwekera tulitoka, mtu akifa akazikwa, jamaa zake hufanyaje? Hunyolewa. Na wakija kwa mama wa marehemu, hubeba nini? Sisi tulishazoea vile vipara mpaka tukasahau maana yake. Kongo hawakuwa wamezoea. Waliona kundi la wanaume walionyolewa upya, wamenuna, wamebeba unga, wanauliza, "Samahani mama, kwa mamake Wekesa ni wapi?" Mwanamke aliyeulizwa hakujibu. Alishika kichwa akapiga yowe.

Wakati huo Wekesa alikuwa wapi? Alikuwa kwangu. Alisema hata kama ni kufukuzwa, atafukuzwa akiwa safi. Kwa ndevu ngumu kama zake, vijana, msianze na wembe. Chovya taulo kwenye maji moto, kamua, mfunike uso wote abaki pua tu, na umwache hapo mpaka ndevu zilainike. Wengi wenu mnaharakisha hapo ndiyo maana wateja wenu wanatoka vipele. Nilikuwa nimemlaza, nimemfunika taulo na shuka ya kinyozi mpaka magotini, ndipo Otieno alipoingia anahema, Ndevu wenzake nyuma yake.

"Kinyozi, tunyoe," akasema.

"Kiapo kimeisha?"

"Kimeisha." Akakaa kwenye benchi kama gunia lililoangushwa. "Wekesa amekufa."

Nilihisi mkono chini ya shuka ukinishika kiganja, ukaminya kwa nguvu. Nikaelewa. Hakutaka nimtaje.

"Amekufa lini?" nikauliza.

"Sijui lini. Nilikuwa kazini Kawangware, nikasikia Kongo yote inalia. Nikauliza, wakaniambia watu wamekuja wamenyolewa, na ameshazikwa. Nimekimbia moja kwa moja."

"Kwani hukwenda kuangalia?"

"Nikaangalie nini? Watu wanalia!"

Huyo alikuwa yule yule Otieno aliyeweza kukueleza kosa la kocha katika mechi ambayo hakuhudhuria. Nikachukua mashine, nikaanza kumnyoa pale pale kwenye benchi, maana aliyelala kitini alikuwa bado analainika. Na ndevu za kwanza zilipoanguka, mdomo wa Otieno ukafunguka.

"Alikuwa kocha huyo," akasema.

"Alikuwa kocha kweli," wakaitikia wenzake.

"Alituingiza kwa lango kama watu wenye heshima zao."

Mwingine akasema, "Ile sare ya juzi, ukiitazama vizuri, ilikuwa ushindi." Mwingine akasema yule winga alikuwa beki tangu kuzaliwa, ni sisi tulikuwa vipofu. Wallahi, nilinyoa nikiuma midomo! Kabla ya saa sita mtu aliyekuwa jasusi wa Kongo akawa ndiye kocha bora kuliko wote waliowahi kukanyaga Kibera, na aliyemfukuza wa kabla yake akalaumiwa kwa kuchelewa.

Kisha Otieno akaanza kulia kwa kweli. Kicheko changu kikaishia hapo.

"Mtoto wangu alipoumwa mvua ikinyesha," akasema, "njia zote zilikuwa tope, gari haliingii. Ni yeye alimbeba mgongoni mpaka hospitali. Mimi nilikuwa nyuma nimeshika mwavuli. Na kesho yake nikasimama hapa nikamtukana kwa sababu ya winga. Sikumwambia asante, Kinyozi. Nilisema nitamwambia akishinda mechi."

Shuka juu ya kiti ikawa inatikisika. Mimi nilidhani Wekesa anacheka. Akainuka taratibu, akaondoa taulo mwenyewe, na nikaona amelia mpaka macho yamekuwa mekundu.

Mmoja wa Ndevu alitoka kupitia dirishani, na kibanda changu hakikuwa na dirisha, kwa hiyo mabati yale nilikuja kuyapigilia misumari upya. Otieno alibaki mdomo wazi, ndevu upande mmoja, upande wa pili uso mtupu.

"Wewe! Si umekufa?"

"Bado," Wekesa akasema. "Endelea, Otieno. Ulikuwa umefika kwa winga."

Lo! Otieno alikasirika sana. Alisema kocha ni mlaghai, mimi ni mlaghai zaidi, na mtu mzima hajifichi ndani ya taulo. Akajitazama kwenye kioo, akajiona na pua mbili na nusu ya ndevu. Zilizoanguka zilikuwa sakafuni na hazingerudi. Akakaa. "Malizia," akaniambia, sauti imeshuka. Wekesa akahamia kwenye benchi akampisha kiti, na mimi nikamaliza, mmoja baada ya mwingine, mpaka hapakuwa tena na Ndevu Gatwekera.

Huko Kongo mambo yalinyooka baada ya mama yake Wekesa kurudi kutoka kwenye maombi ya Jumamosi kanisani, akakuta boma limejaa waombolezaji na Saidi katikati na sukari yake. Alipoelezwa, alimfukuza Saidi kwa mwiko mpaka barabarani. Lakini wale majirani waliokuwa wakimpa mgongo walishamlilia mwanawe mbele ya kila mtu, na haikuwezekana tena kumgeuzia mgongo kisimani. Wakaanza kumsalimia. Sukari aliichukua.

Jumapili tukatoka sare na Kongo, bao moja kwa moja. Jioni mkutano ukakaa. Mwenyekiti akauliza nani ana hoja kuhusu kocha. Watu wote wakamtazama Otieno. Akasimama, akapapasa kidevu chake kitupu, akasema, "Mtu ukishamlilia, utamfukuza kwa mdomo gani?" Akaketi. Hoja ikaisha hapo, na Wekesa akabaki.

Msidhani tuliishi kwa raha baada ya hapo. Tulifungwa mechi iliyofuata, na haikupita muda nikaona kidevu cha Otieno kinaanza kuota tena. Wekesa alitufundisha miaka mingi, tukamtukana miaka yote hiyo, naye akawa ananyolewa kwangu akiwa kimya. Kombe hatukuchukua. Wachezaji huingia kwa lango hadi leo, na wale wazee wachache tuliobaki tukipita pale bado tunaruka kidogo, kwa usalama tu.

Halafu Wekesa akafa kweli. Nilikuwa karibu kuacha kazi. Tulikwenda Kongo, Ndevu na Vipara, watu wa pande zote tumezeeka, Saidi akitembea na fimbo. Ilipofika zamu ya Kibera kusema neno, Otieno akasukumwa mbele, kwa kuwa sauti yake bado ilikuwepo.

"Sisi ya kusema tulishasema," akasema. "Na mwenyewe aliyasikia."

Akarudi akaketi. Siku ya kunyoa ilipofika nilikuwa pale na ile mashine yangu ya mkono, nanyoa jamaa wa marehemu, na Otieno akaja akasimama kwenye foleni. Ilipofika zamu yake akakaa kwenye stuli, akainamisha kichwa.

"Ninyoe."

"Otieno, kichwa hiki kimebaki ngozi tupu. Hata ndevu umezinyoa asubuhi."

"Kwani nimekuuliza? Ninyoe."

Nikamfunga kitambaa. Nikaweka mashine kwenye paji lake, nikaminya na kuachia, nikaminya na kuachia, taratibu mpaka kisogoni, bila kuinua kabla ya kufunga. Hakuna kilichoanguka. Alikaa kimya bila kutikisika mpaka nikamaliza, kisha akainuka akajikung'uta mabega.